Upande wa Sikio Zima

…na hata kama mkono ungetaka kutetemeka usingethubutu, miaka sita sasa unashika kamera ndani ya vichwa vya watu, unatulia kama paka anayevizia, ndiyo maana Bosi akamwita Nanga, jina lake halisi liko kwenye kitambulisho alichokiacha kabatini pamoja na viatu na simu, humu ndani yeye ni Nanga tu, Nanga njoo, Nanga shika, Nanga usipumue, na dakika moja iliyopita Bosi amesema "Shikilia hapo hapo," kwa ile sauti yake ya chini anayoitoa akifika mahali pabaya, naye ameshikilia, kiwiko ubavuni, magoti yamelegea kidogo, macho kwenye skrini, na kwenye skrini kuna neva ya uso ya mtu mmoja, nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea uliolowa, na mtu mwenyewe ni yule, yule yule, kalala kwa ubavu chini ya mashuka ya kijani, nyuma ya sikio lake kuna tundu lisilozidi upana wa sarafu, hajui yuko mikononi mwa nani… Daktari Mawazo, ndivyo akina mama wa foleni walivyomwita, kwa kunong'ona, maana kila aliyeingia kwake alitoka na jibu lile lile, ni mawazo tu, mama, punguza mawazo, ukienda na mguu ni mawazo, ukienda na tumbo ni mawazo, wakasema siku akiletewa maiti ataiambia ipunguze mawazo, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kesho yake wakarudi foleni ile ile kwa sababu daktari mwingine hakuwepo, na leo kichwa ni chake yeye, na wala si mawazo, ni uvimbe, mweupe, unang'aa kama lulu, umejikunyata chini kabisa ya ubongo, kwenye sakafu ya fuvu, pale ambapo neva za uso na za sikio na za koo hupita zimebanana kama nyaya nyuma ya televisheni, "uvimbe mpole huu," Bosi aliwaambia wanafunzi asubuhi huku akinawa mikono, "si saratani, hauli mwili, unakua taratibu kama ukucha," na Nanga akasema moyoni, mpole, mpole kwa nani, njooni nyumbani kwetu muuone upole wake unavyokunywa chai… mama hunywa kwa mrija, kichwa kakiinamisha kulia ili maji yasimkabe, leso mkononi, na akishamaliza hujifuta upande wa kushoto wa mdomo bila kujua kama kuna kitu cha kufuta, maana upande huo hausikii kitu, jicho la upande huo halifungi, usiku hulibandika utepe, na bado ana mzaha wake, akijitazama kwenye kioo husema, uso wangu umegawana mirathi, nusu imechukua kicheko, nusu imechukua msiba, na leo alfajiri aliuliza, "Leo mnamfungua nani, mwanangu?" naye akajibu, "Mzee mmoja tu, mama," na mama akasema, "Mungu amsaidie, masikini," masikini!, akatoka nyumbani na neno hilo.

"Vuta kidogo," Bosi anasema, "hapo, hapo," na chuma chake chembamba kilichopinda kwenye ncha kinaingia ubavuni mwa picha, kinabandua gamba jeupe kutoka mgongoni mwa neva, taratibu, kama mtu anayebandua stempu asiyetaka ichanike, na mashine ya neva kule pembeni iko kimya, sindano zake ndogo zimechomwa shavuni na pembeni mwa mdomo wa yule mzee, kazi yake ni kulia neva ikisumbuliwa, ukiipapasa tu inabweka chumba kizima kisikie, na Nanga anaipigia hesabu, milimita mbili, kutoka ncha ya kamera hadi kwenye ule uzi ni milimita mbili, na lenzi ya leo ni ya pembe, haitazami inakokwenda, inatazama ubavuni, kama mtu anayetembea barabarani huku kageuzia shingo madirisha ya maduka, ukisukuma mbele unasukuma usichokiona, ndilo kosa la kwanza la kila mwanafunzi, anaona picha nzuri anadhani na njia ni nzuri, kumbe ncha inakwenda kuchoma kitu, na yeye angeweza kulifanya kosa hilo leo, kwa makusudi, milimita mbili tu, na tabasamu lile lingekwenda zake, na watu wote wangesema bahati mbaya, hutokea, Bosi mwenyewe angemtetea… tabasamu lile! Jana wodini alimkuta ameketi kitandani na miwani puani, anasoma karatasi zake mwenyewe kama anasahihisha mtihani, Nanga akamsalimia kwa adabu zote, na yule mzee akamtazama, tabasamu likafunguka kama mlango wa duka, meno yote yapo, "Ahaa, kumbe wewe ndiye Nanga, wamenisimulia, mkono wako hautetemeki eti, binti yangu?" binti yangu, "Hautetemeki, daktari," "Basi msiniharibie uso tu, mimi ni mtu wa kutabasamu, ndiyo dawa niliyowapa watu miaka thelathini na tano," akacheka, kisha akajisimulia bila kuulizwa, jinsi alivyoamka Jumatatu moja na ncha ya ulimi ina ganzi, Jumanne ganzi ipo, Jumatano sikio likaanza kuvuma, Ijumaa alikuwa ndani ya mashine ya picha, "Hapana mchezo na kichwa, binti yangu, ganzi ya ulimi ni ishara, mtu asiichukulie kwa wepesi," wiki moja, alijipa mwenyewe wiki moja!, mama yetu akapewa miaka minne, miaka minne ya vidonge vyeupe kwenye bahasha ndogo, miaka minne ya kupigwa begani taratibu, na Nanga alisimama pale kando ya kitanda akiandika kwenye faili, anaandika ana mzio wa dawa gani, anaandika kazi, daktari mstaafu, na kalamu haikutetemeka pia, akatamani amuulize, unakumbuka mwanamke mmoja wa foleni, lakini angekumbuka nini, wameingia kwake wanawake maelfu, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, akafunga faili, akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, daktari, punguza mawazo," na yule mzee akalicheka neno lake mwenyewe bila kulitambua.

Angeweza kusema. Sheria ya chumba hiki ni moja na iko ukutani, mwenye undugu au ugomvi na mgonjwa aseme mapema apishe, na leo saa mbili, kabla ya kisu, Bosi aliuliza kama anavyouliza kila siku, "Kuna mwenye la kusema?" na Dada Mkubwa, muuguzi wa vyuma, mwanamke wa miaka hamsini na kitu asiyesahau pini, akasema vyuma viko sawa, na mtu wa usingizi akasema dawa ziko sawa, na macho ya Bosi yakamfikia Nanga, naye akasema, "Kamera iko sawa," ambalo si jibu la swali aliloulizwa, lakini ni kweli, kamera ilikuwa sawa… na hajui hata sasa alibaki kwa nini, amejiambia ni kwa sababu hakuna mwingine anayeiweza lenzi ya pembe, wale wawili wengine mikono yao inacheza, mzee angeachwa nusu nusu, hiyo ni sababu nzuri sana ya kuwaambia watu, ila usiku wa kuamkia leo hakulala akiwaza faida ya mzee, alilala chali anaitazama dari akiona neva, moja moja, akiziita kwa majina, akizikata, hii ya tabasamu, hii ya sikio, hii ya koo, akalala usingizi mtamu kama mtoto aliyeshiba. Lakini kumkata hawezi. Mashine italia, hilo la kwanza, na la pili mkono wenyewe una kiburi chake, haujawahi kumgusa mtu neva na hautaanza na huyu mbwa, hautachafua rekodi yake kwa ajili ya huyu… na wala hahitaji kumkata, maana Mungu humpa kila mtu fungu lake, naye amepewa, amepewa dakika ishirini zilizopita, alipokuwa anaiingiza kamera na Bosi amegeuka kupokea chuma kilichopinda kutoka kwa Dada Mkubwa, kwa pumzi moja tu lenzi ilikuwa imeelekea upande ule mwingine, mbele, nyuma ya neva inayoleta hisia za ulimi na shavu, kwenye kona ambayo hadubini kubwa ya juu haiwezi kuifikia hata ikitazama mwaka mzima, kwa sababu hadubini hutazama moja kwa moja na kona imekata, na pale konani akaiona, punje, nyeupe, inang'aa, si kubwa kuliko punje ya mchele, imejibanza. Akaizungusha lenzi. Au lenzi ilizunguka yenyewe, mkono una akili zake, Bosi alipoinua macho skrini ilikuwa imerudi huku, kwenye neva ya uso, kwenye sehemu kubwa ya lulu, na kazi ikaanza. Hakuna aliyeiona punje ile ila yeye. Mkanda unarekodi, ndiyo, lakini nani hukaa akarudia mkanda wa upasuaji uliofaulu?

Na Bosi ana kawaida yake, kabla kamera haijatoka huuliza neno moja, "Kote?" na mwenye kamera hujibu, "Kote," basi, vyuma vinahesabiwa, kichwa kinafungwa, maana yeye macho yake yako kwenye ncha za vyuma vyake, hawezi kuwa hapo na kwenye pembe zote, pembe kamwachia mwenye kamera, na wengine huwauliza mara mbili, mara tatu, huwaambia zungusha tena nione, Nanga hajawahi kuulizwa mara ya pili, miaka sita, neno lake ni muhuri… basi ataulizwa, atajibu, silabi mbili, hakuna mashine duniani inayolia mtu akinyamaza, na punje itabaki pale gizani, itakua taratibu, itanenepa taratibu, kama ukucha, si ndivyo ulivyosema, Bosi, mwaka wa tatu itakuwa kama harage, mwaka wa nane kama jicho, na mzee siku moja atakunywa chai na nusu ya ulimi haitasikia, atakuwa na miaka sabini na sita wakati huo, atakwenda hospitali na fimbo, na atakuta kijana mmoja mezani, mwenye haraka, mwenye tabasamu, na kijana atamwambia, mzee, huo ni uzee tu, ukapumzike, punguza mawazo, ah, utamu ulioje, Nanga anausikia utamu huo kwenye taya kama mtu aliyeuma ndimu, malipo ni hapa hapa duniani, wala yeye hatakuwa amefanya kitu, hatakuwa amemgusa, atakuwa amenyamaza tu, kama yule mzee alivyonyamaza, hakumpiga mama, hakumkata, hakutazama tu, alikuwa na kurunzi mezani na hakuiinua, alikuwa na kalamu na hakuandika barua ya kumpeleka mbele, na miaka minne baadaye mama alipoanguka sokoni ndipo wakampeleka kwenye mji wenye mashine, na daktari wa kule akasema, mbona mmechelewa, uvimbe umeshazisuka neva kama ukili, kamera kama hii haikuwepo huko, akatoa alichoweza kukiona, na katika kutoa ukakatika ule uzi, akaja kuwaambia koridoni akiwa bado amevaa kofia, "Tumemwokoa," na mama akatoka chumbani na nusu uso…

"Huyu mzee analala vizuri," mtu wa usingizi anasema nyuma ya shuka, "kuliko mimi nyumbani na wale mapacha," na Dada Mkubwa anacheka, kicheko kifupi cha puani, ndani ya barakoa, "Wewe ulitaka mmoja Mungu akakuongezea nyongeza," na mtu wa usingizi naye anacheka, na kazi inaendelea, gamba lingine linatoka, ni kicheko cha kawaida tu, humu ndani watu hucheka, bila kucheka watawehuka, lakini mgongoni mwa Nanga kuna kitu kimepita, baridi, kwa sababu kile kicheko cha Dada Mkubwa, kile kifupi cha puani, cha mtu anayejua hapaswi kucheka, anakijua, amekisikia mahali, amekisikia… si kitu, shikilia, anaivuta akili irudi kwenye skrini, neva, lulu, milimita mbili, lakini akili haivutiki, imeshaingia chumba kile cha Daktari Mawazo, chenye rangi ya bluu hadi kiunoni na nyeupe juu, feni iliyopoteza panga moja inazunguka ikigonga, tak, tak, na yeye ana miaka kumi na saba, amevaa sare ya shule kwa sababu wamepitia huko huko, kesho yake ana mtihani wa biolojia, amekuja kumsikilizia mama, maana sikio la kushoto la mama lilishakufa, na kiti cha mgonjwa kimewekwa ukutani, hakisogei, kwa hiyo mama amekaa sikio bovu likiwa kwa daktari na sikio zima likiwa kwake yeye, binti, aliyesimama mlangoni na begi… na njiani mama alikuwa amesema, ameshamwambia mara mbili, "Mwambie daktari, chai naisikia moto upande huu tu, upande wa pili ulimi ni kama umevikwa soksi, mimi nitaona haya kusema, atasema nimezeeka vibaya, wewe umesoma, mwambie wewe," na yeye akasema, sawa mama, nitamwambia.

Hakumwambia. Hiyo ndiyo… ngoja, alimwambia, si alimwambia?, hadithi hii ameisimulia mara ngapi, aliisimulia siku ya usaili wa chuo walipomuuliza kwa nini unataka udaktari, akawaliza maprofesa wawili, ameisimulia kwa wenzake wa bweni, kwa mchumba aliyekuja na aliyeondoka, na katika hadithi hiyo kuna mama, kuna foleni, kuna daktari mwenye meno, na yeye binti yupo mlangoni, amekunja ngumi, anatetemeka kwa hasira, hivyo ndivyo anavyoisimulia, amekunja ngumi, na mashine ya neva iko kimya, na Bosi anasema, "Maji," na maji yanapita kwenye skrini, picha inalowa, inakuwa ukungu, inarudi safi… hakukunja ngumi. Alikuwa ameshika begi kwa mikono miwili. Daktari alikuwa amechoka, ilikuwa saa saba mchana, alimtazama mama mara moja, akamtazama yeye, sare, begi, akaona hapa kuna mtu wa kuongea naye, akatabasamu, akamwambia yeye, si mama, juu ya kichwa cha mama kama vile mama ni meza, "Sikio la mama yako halina ugonjwa, limechoka na umbea wa majirani, lipeni likizo," na yeye akacheka. Alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, kikamtoka, hapana, usijidanganye, hakikumtoka, alikitoa, alikitoa kama mtu anavyotoa tiketi mlangoni, kwa sababu daktari yule aliongea naye kama mtu mzima, kama mtu aliyesoma, na yeye kwa dakika ile moja alitaka kuwa upande ule wa meza, pamoja na kalamu na kurunzi na koti jeupe, si upande huu pamoja na mwanamke aliyevaa kandambili, na akishacheka angeanzaje kusema habari za ulimi na soksi, angeonekana mshamba, kwa hiyo alipoulizwa, "Kuna lingine?" akasema, "Hakuna, daktari." Hakuna. Na mama aligeuka. Mama hakuwa amesikia neno hata moja, sikio la upande wa daktari lilikuwa limekufa, alichosikia ni kile kilichoingia kwenye sikio zima, kicheko cha mwanawe, akageuka naye akatabasamu, uso wake wote, pande zote mbili, ulikuwa bado ni uso mzima, akatabasamu kwa kutumaini kwamba ni jambo jema, na nje kwenye jua, wameshika bahasha ya vidonge, akauliza, "Alisema nini mkacheka?" na yeye akasema, "Alisema utapona, mama." Na mama akafurahi! Akaenda nalo neno hilo miaka minne, hata maumivu yalipomzidia alikataa kupelekwa kwingine, daktari alisema nitapona, na wewe ulisikia kwa masikio yako.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Nanga anahisi joto likimpanda kutoka shingoni, jasho linateremka nyuma ya sikio, hawezi kulifuta, mikono miwili ina kazi, na mkono, angalia, mkono bado umetulia, uzi uko palepale kwenye skrini, katikati kabisa, ni mkono gani huu usiojali mwenyewe anaungua… na anamchukia yule mzee zaidi sasa kuliko dakika kumi zilizopita, ajabu, angedhani atamchukia kidogo zaidi, lakini hapana, anamchukia kwa yote mawili, kwa mzaha ule na kwa kumfanya aucheke, kwa kumchagua yeye, mtoto wa watu, akamnunua kwa bei ndogo vile mbele ya mamaye… "Mwisho huu," Bosi anasema, na gamba la mwisho linaachia neva ya uso, neva inabaki wazi, nyeupe, nzima, na mashine haijalia hata mara moja tangu asubuhi, na Dada Mkubwa anasema, "Hongera, Bosi," na Bosi ananyoosha shingo, mifupa inalia, na bila kumtazama anauliza, "Kote?"

Kote. Liko ulimini. Ni jepesi, lina ladha anayoijua, si la leo, ni ladha ya hakuna daktari, ya utapona mama, maneno haya matatu ni watoto wa tumbo moja, mdomo umeyazoea, unayatoa bila kuumia, na punje iko gizani inangoja, na miaka minane, na fimbo, na yule kijana mezani, na utamu ule wa ndimu… lakini utamu wenyewe mbona hauji, ameumega mapema mno, na anamwona yule mzee wa miaka sabini na sita, ulimi umekufa, koo limelegea, sikio limekufa, anakabwa na maji, na anajua, Nanga, kwamba siku hiyo hatakuwa na la kumwambia, utamwambia nini mtu asiyesikia, utamwonyesha nini, atakuonea haya kwa uso gani?, mtu mwenye nusu uso haoni haya, ana msiba tu, kila mtu atamhurumia, mama mwenyewe atakuwa wa kwanza, masikini, Mungu amsaidie, na yeye hataki ahurumiwe, hataki hata kidogo, anataka… anataka sikio lile lisikie, lote, hata mnong'ono, anataka shavu lile lenye damu yake na neva yake, lililo hai, ili liungue mtu alione likiungua, anataka tabasamu lile lipande lenyewe kwa mazoea kisha limfie mdomoni mbele ya macho ya watu, anataka koo zima limeze na lijibu, kila uzi uliomo humu ndani anautaka, hata mmoja hamwachii.

"Nanga? Kote?" Mara ya pili, kwa miaka sita ni mara ya kwanza anaulizwa mara ya pili, na mtu wa usingizi ameinua kichwa, na anajisikia akisema, "Bado," sauti kavu, "kuna punje mbele, nyuma ya neva ya hisia, konani," na Bosi anasema, "Mimi sioni kitu," naye anaizungusha lenzi, taratibu, skrini inageuka, neva inaondoka ubavuni, giza, kona, na ile pale, nyeupe, inang'aa, imejibanza kama mtoto aliyevunja sahani, na Bosi anapumua, "Lo! Hii ingerudi kututafuta," anasema, "macho yako, binti!" naye hajibu, maana akijibu atalazimika kusema ameiona tangu lini, na atasema, hilo nalo atasema, leo leo, ofisini, mlango umefungwa, na Bosi atafanya anachofanya, lakini kwanza lile la wodini… siku tatu, siku nne, mzee akishaweza kuketi, bandeji ikishapungua, atamleta mama, kwa mkono, polepole, kwenye korido ile ndefu, na mama atasema, "Unanipeleka kwa nani, mwanangu?" na yeye safari hii hatadanganya, na kiti kile cha kando ya kitanda kinasogea, ana bahati, kinasogea, atakivuta akizungushe, mama akae sikio zima likiwa kwa mzee, lisipotee neno, na mzee atatabasamu, atasema binti yangu, naye atasimama palepale alipokuwa amesimama, karibu na mlango, na atamwambia mama, kwa sauti ya kusikika, "Mama, uliniuliza alisema nini tukacheka," na ataurudia mzaha ule, neno kwa neno, likizo na umbea na yote, kwa sauti ya mzee mwenyewe, kisha atacheka, kile kile, kifupi, cha puani, ili mama akitambue kilikotoka… "Shikilia hapo hapo," Bosi anasema, na chuma kilichopinda kinaingia ubavuni mwa picha kuifuata punje, naye ameshikilia, kiwiko ubavuni, magoti yamelegea kidogo, hapumui, uso mzima wa mzee, masikio yote, koo lote, vitakuwepo, vyote, na uso wake yeye utakuwepo, na mama atawatazama wote wawili kwa lile jicho lisilofunga, na mama ndiye atakayeamua aanze na nani.